Sauti Iliyofunzwa Nyumbani

Karani wa sauti alikuja na koleo, akaomba maji ya kunywa, kisha akakata waya wa mtandao wa ile kompyuta bila kuuliza ulikuwa wa nini. Hakutosheka. Alifungua ubavu wa mashine, akachomoa kadi ndogo ya mawasiliano, akaivunja vipande viwili, akavitia kwenye bahasha na kumpa Skolastika Kikoti aweke sahihi juu yake.

"Mfunzaji ni damu ya marehemu?"

"Dada yake. Tumbo moja, ziwa moja."

"Na hili dude umelipata wapi? Siku hizi hata makumbusho hawana."

Alilipata kwenye ofisi ya ramani, Iringa mjini, alikofanya kazi miaka ishirini na sita akichora barabara ambazo nyingi hazikuwahi kujengwa. Ofisi ilipofungwa, wenzake waligombea viti na mapazia. Yeye akabeba lile sanduku jeusi la chuma, zito kama gunia la mahindi, lenye prosesa mbili na kumbukumbu ya kutosha ramani ya mkoa mzima. Walimcheka, wakasema anakwenda kufugia kuku. Sasa kompyuta mpya zote zinatoka kiwandani na kufuli ndani: zinajua kujibu, hazikubali kufunzwa. Mwenye mashine ya kabla ya kufuli anaheshimika mtaani kuliko mwenye gari, na wale waliocheka siku hizi humsalimia wakiwa wamevua kofia.

"Masharti unayajua," karani alisema.

"Nayajua."

"Nitayasema hivyo hivyo, ndiyo kazi yangu. Marehemu anafunzwa nyumbani, na ndugu yake, kwenye mashine isiyogusa mtandao. Anasikilizwa mara moja tu, siku ya arobaini, mbele ya baraza la kata. Maswali matatu. Siku ya arobaini na saba anafutwa. Na sauti iwe yake mwenyewe, mama. Pumzi ya mtu mwingine isiingie."

Skolastika aliikumbuka enzi ya kabla ya sheria hiyo. Makampuni ndiyo yaliyokuwa yakiwasemesha wafu, yakawasemesha mpaka wakaanza kutangaza sabuni na kuwaombea wagombea kura. Watu walichoka kuwasikia baba zao wakisifia majani ya chai. Kwa hiyo karani alipobandika lakiri kwenye tundu la waya, aliona ni haki kabisa. Aliona na fahari kidogo, kwamba ukoo wa Kikoti haukulazimika kumpigia mtu magoti kuomba mashine.

Mdogo wake, Remijio, alikuwa na siku tatu kaburini.

*

Kazi ilianza kwa vumbi. Alilipuliza, akalifuta kwa brashi ya rangi, akabadilisha ute wa kupoza joto uliokauka juu ya prosesa. Kadi za michoro zilizokuwemo zilikuwa za kuchorea ramani, hazikuweza kitu. Akatafuta mbili nyingine kwenye banda la michezo ya video lililokufa kule Mlandege, moja feni yake ina meno matatu tu. Umeme wa ndani ya sanduku haukuzitosha, akaongeza kifaa kingine cha umeme nje, akakifunga ubavuni kwa mpira wa baiskeli. Mashine ilipowaka, nyumba nzima ya Kihesa ilinguruma kama kuna kinu cha kusaga sebuleni.

Ilikula jua. Paneli za juu ya bati zilimudu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi, na siku ya mawingu ilikuwa siku iliyopotea. Modeli mama, ile inayogawiwa na kata kwenye diski, ilijua Kiswahili chote lakini haikumjua Remijio. Kuifunza upya yote kungehitaji ghala zima la mashine. Skolastika aliweka tabaka jembamba juu yake akalifunza hilo peke yake, kama unavyomfundisha mgeni mtu mzima kusema kwa lafudhi ya kwenu.

Tatizo lilikuwa Remijio mwenyewe. Mpasua mbao yule alikuwa bahili wa maneno. Miaka kumi na miwili ya ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo, na ukijumlisha yote hupati saa tano. "Nimefika." "Mvua huku." "Mwambieni dada nimepona." Siku ya kumi na tisa Skolastika aliijaribu mashine, akaiuliza jina. Ilimjibu kama msoma taarifa ya habari.

Adela, mke wa marehemu, ndiye aliyeleta simu ya mumewe. Aliibeba kwa mikono miwili, bado amejifunga kanga nyeusi, na binti yake Twilumba wa miaka sita amemshika pindo.

"Chukua vyote vilivyomo, wifi. Msemeshe. Nami nataka kumsikia."

"Nitakurudishia simu yako."

"Hata usiponirudishia."

Skolastika aliipokea bila kumkaribisha kiti. Tuseme ukweli, hakumpenda. Alimlea Remijio tangu mama yao alipofariki, akamsomesha, akaahirisha kuolewa mpaka kuolewa kukamwahirisha yeye. Halafu akaja msichana mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, akapewa mume, nyumba na mtoto kwa mkupuo mmoja. Remijio alikuwa na presha na moyo uliotanuka. Alifariki Jumatano asubuhi, Adela akiwa bustanini anamwagilia mboga. Anamwagilia mboga! Neno hilo lilimkaa Skolastika kooni tangu siku ile, na hakuwahi kulimeza wala kulitema.

Alimpenda mtoto, lakini. Huyo alimpenda mpaka kuumwa.

Ili kupata sauti zaidi, alitumia programu ya kuchuja. Unaipa rekodi zote za ukoo, harusi, vikao, kipaimara, nayo inatafuta sauti inayofanana na ya marehemu, inafuta kelele za nyuma, inakipa kila kipande alama katika mia. Mwongozo ulisema usichukue kilicho chini ya tisini. Alichukua vya tisini, akapata dakika kumi na nane. Mwenye njaa hana miiko. Akashusha kizingiti hadi sabini na tano, na saa tatu nzima zikamwagika kwenye folda.

Alipaswa kuzisikiliza zote. Alisikiliza kipande cha kwanza, Remijio anakohoa kwenye harusi ya binamu, akalia mpaka akazima spika. Hakurudia. Aliimiminia mashine folda yote kama ilivyo na kuomba jua liwake. Alikuwa fundi wa miaka ishirini na sita, na alijua vizuri kwamba ramani haichorwi kwa kipimo ambacho hukukikagua. Hilo ndilo kosa, na lisitafutiwe jina jingine.

Siku ya thelathini na moja aliiuliza tena jina lake. Mashine ilikohoa kwanza, kile kikohozi kikavu cha vumbi la mbao, ndipo ikasema, "Dada, umekula?"

*

Chumba cha baraza kilikuwa na wazee watatu, meza, na mashine ya Skolastika iliyoletwa kwa mkokoteni. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja, hakimu mstaafu. Mlango ulifungwa, kwa sababu yanayosemwa na sauti hayatoki nje. Kinachotoka ni uamuzi tu. Adela alikaa benchi la ukutani.

"Wewe ni nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Remijio Kikoti. Wa Kihesa. Mpasua mbao." Kikafuata kikohozi.

Adela alijishika mdomo. "Baba Twilumba jamani!"

"Umeacha neno gani?"

"Twilumba asome. Mbao za mninga zilizo uani zisiuzwe, zitengenezwe meza."

Skolastika alitokwa na machozi, na ndani ya machozi hayo mlikuwa na fahari ya fundi. Sauti ilikuwa yake, mpaka ule mkato wa pumzi kabla ya neno la mwisho.

"Swali la tatu. Yupo aliyekukosea?"

Feni zilinguruma. Kadi ya meno matatu ilikwaruza.

"Adela alininyima vidonge," sauti ilisema taratibu, bila hasira. "Alivitupa kwa kuku. Mimi nikakata roho."

Adela alisimama, akatazama spika, akatazama wazee, kisha akamtazama wifi yake kama anayeomba atafsiriwe lugha ngeni.

"Remi? Mimi? Kuku wapi?"

"Mama, kaa," mwenyekiti alisema.

Mzee wa kulia aliegemea mbele. "Mtu hatungi jambo la kuku. Angekuwa anasingizia, angesema sumu. Lisemwalo lipo."

Skolastika alijua moyoni kwamba alikuwa ameambiwa alichokuwa anakisubiri tangu Jumatano ile. Alikiona kama zawadi, akaipokea.

Uamuzi ulitoka kabla ya mchana. Polisi hawakuhitajika, kwa kuwa sauti ya marehemu haikufungi jela. Inakutoa tu kwa watu. Baada ya siku saba Adela angeondoka katani na asirudi, jina lake lisomwe kwenye mkutano wa mtaa, na mtoto abaki kwa damu ya baba yake. Kwa muda huo angekaa nyumba ya baraza, nyuma ya ofisi ya kata.

"Mfunzaji ana haki ya kubatilisha ndani ya siku hizo saba," mwenyekiti alisoma. "Akibatilisha, mama anarudi kwake na mtoto wake. Mashine inasagwa, na ukoo hautamsemesha marehemu mwingine vizazi vitatu. Umeelewa, mama Kikoti?"

"Nimeelewa."

Jioni hiyo Twilumba alihamia kwa shangazi yake na mfuko mmoja wa nguo. Aliuliza mama atarudi lini. Skolastika akampikia wali na maharage ya nazi, akamsuka, akamwimbia, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile mlisikika miguu midogo ikikimbia sakafuni.

*

Siku ya arobaini na tatu ilimbidi aandae orodha ya rekodi zote zilizotumika, jina na tarehe, karani aigonge mhuri kabla ya kufuta. Kazi ya nusu saa. Twilumba alikuwa uani akimfundisha mwanasesere kusoma.

Faili, tarehe, dakika. Faili, tarehe, dakika. Kisha moja ya dakika arobaini na moja, alama sabini na nane, ya Ijumaa.

Aliipita. Akarudi. Ijumaa ile walikuwa wanazika. Remijio alikuwa na siku mbili tangu akate roho, naye kwenye orodha anazungumza dakika arobaini na moja.

Aliwasha spika.

"Nyie, msinizike bado, sijala!" Ilikuwa sauti ya Remijio, kikohozi cha Remijio. "Jeneza lenyewe mbao za msonobari! Mimi, mpasua mninga, mnanilaza kwenye msonobari? Mna adabu nyie? Adela! Adela mke wangu! Vidonge vyangu umewapa kuku? Kuku wanataga mapacha, mimi nakata roho!"

Sauti ilikuwa safi, peke yake, kimya pande zote, ikatisha. Skolastika alifungua simu, akaitafuta rekodi ile ile, ya video, kwenye kundi la ukoo kabla haijachujwa. Humo palikuwa na watu mia mbili wanacheka. Wanacheka mpaka wanapiga mapaja, mtu analia "Jamani Gama utatuua!" Na katikati yao, amevaa koti la marehemu na kofia ya marehemu, amejilaza kwenye benchi la jeneza, Bonifasi Gama, Mngoni, mtani wa ukoo, aliyepasua mbao na Remijio miaka thelathini.

Yeye Skolastika wakati huo alikuwa ndani, anamwagiwa maji kichwani. Adela alikuwa ndani naye, amefunikwa. Programu ilifundishwa kufuta kelele za nyuma, na kicheko cha watu mia mbili ni kelele za nyuma. Ilikifuta. Yalibaki maneno, nayo mashine ikayameza, ikayasaga, ikayatema bila utani.

"Shangazi," Twilumba aliita kutoka uani, "wewe unalia?"

"Silii. Vumbi."

*

Alimkuta Gama kwenye kiwanda cha mbao, amekaa juu ya gogo anakula muhogo.

"Kamwene, Mhehe! Umekuja kutuomba radhi? Babu zako walitukimbia mpaka wakasahau ngao, tunazo bado nyumbani, tunafunikia vyungu."

"Kamwene. Zenu ndizo zilizosahaulika, Mngoni wewe. Sikiliza hii."

Alimchezea rekodi kwenye simu. Gama alisikiliza akitikisa kichwa, uso wake ukang'aa.

"Nilimpatia, eeh? Kile kikohozi nimekifanyia mazoezi miaka thelathini. Nilikuwa namwita msimamizi kwa sauti ya Remi, anakuja mbio. Remi mwenyewe angekuwepo angecheka akavunjika mbavu." Akapangusa macho kwa kiganja. "Nilimlilia hivyo, mtani. Sijui njia nyingine."

"Kwa nini ulisema habari ya vidonge?"

"Si ndiyo utani wenyewe? Kila msiba una kinong'ono. Mume akifa, watatazama mke. Mtani kazi yake ni kulitoa lile la kunong'onezana, kulitangaza hadharani kipuuzi, watu wacheke, liishe. Likishachekwa halisemeki tena kwa uzito. Nilimkinga yule binti." Alitupa ganda la muhogo. "Ila nasikia baraza limemzuia. Sauti ilisema nini?"

"Hayatoki nje, unajua sheria."

"Haya. Lakini mtani, kama ni maneno ya watu tu, msaidie. Yule alimwogesha Remi kwa mikono yake miezi mitano. Mimi nilikuwa nakuja, namwona."

Skolastika alisema atajitahidi. Njiani alitembea haraka, akijipangia maneno. Angekwenda kwa Adela kwanza, amwambie uso kwa uso, ndipo aende kwa karani. Alikuwa ameamua. Hilo litiwe kwenye mizani yake siku atakapopimwa: ilikuwa siku ya arobaini na tatu, na alikuwa ameamua.

Ila alipofika nyumbani, Twilumba alikuwa amelala usingizi wa mchana kitandani kwake, ameikumbatia kanga ya shangazi. Akasema atakwenda kesho. Kesho mtoto akang'oka jino. Keshokutwa palikuwa na mvua. Siku ya arobaini na saba haikuwa na kesho.

*

Nyumba ya baraza ilikuwa chumba kimoja chenye kitanda na dirisha. Karani alikaa nje kwenye meza, ameweka daftari la lakiri mbele yake. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Adela alikuwa amekonda. Alipomwona wifi yake alishuka kitandani, akapiga magoti sakafuni kabla Skolastika hajafungua mdomo.

"Wifi, ngoja. Niache niseme mimi kwanza, nikikusikiliza wewe nitashindwa."

"Adela, inuka. Nina jambo."

"Jumanne usiku sikumpa kidonge." Alisema kwa mkupuo. "Twilumba alikuwa na homa, nikahangaika naye, nikasahau. Asubuhi nikakiona kimebaki mezani, nikaona haya kumwambia Remi. Nikakitupa dirishani, asikione. Uani kuna kuku, wifi. Nimekaa humu siku saba najiuliza kuku gani, kuku gani, mpaka nimekumbuka. Aliniona. Alikuwa macho, aliniona, hakusema kitu, akafa nalo."

Skolastika alisimama pale pale. Alijua kidonge kimoja hakiui. Daktari aliwaambia wote wawili, moyo ule ulikuwa unahesabu miezi. Alijua kwamba Remijio hakuona kitu, kwamba kilichosema si Remijio. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: *Yule ni Gama, Adela, ulikuwa utani.* Ilikuwa mdomoni, imekamilika, ina kila neno lake. Adela angeinuka, angeangua kile kicheko chake cha kusikika hadi barabarani, angekwenda moja kwa moja kumchukua mtoto wake.

"Nilitaka kukataa," Adela aliendelea. "Lakini nimbishie yeye mwenyewe? Kwa sauti yake? Acha niende. Twilumba mlee, wewe unampenda kuliko unavyonipenda mimi, najua, sina kinyongo. Mwambie nimesafiri. Nakuomba kitu kimoja tu, wifi yangu, kwa niaba ya mdogo wako. Nisamehe."

Nje karani alikohoa, akageuza ukurasa. Skolastika aliinama. Alimshika Adela mabega, akayahisi yalivyokuwa mepesi, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka tulivu, yenye huruma hasa, sauti ya dada mkubwa.

"Nimekusamehe, wifi."

Adela aliishika mikono yake akaibusu, upande huu na huu, akailowesha machozi. "Mungu akubariki. Mungu akubariki, sikujua una moyo hivi."

Alipotoka, alivuta mlango nyuma yake. Karani alimsogezea daftari na kalamu.

"Leo ndiyo mwisho, mama. Mfunzaji ana la kubatilisha?"

Kupitia mlangoni Adela alisikika akimshukuru Mungu kwa sauti, akimtaja wifi yake kwa jina.

"Hakuna," Skolastika alisema, akaweka sahihi.